Mnaovuta dawa ya steroidi kila siku kwa ajili ya pumu, tupeane uzoefu

KifuaWazi (mwanzisha uzi)
Habari zenu wadau, naanza na yangu afu kila mmoja ashuke na yake. Pumu ninayo tangu mtoto ila ile pampu ya kuzuia (sio ya buluu ya kufungua kifua, ile nyingine ya asubuhi na jioni) nimeanza kuitumia kwa adabu miaka 3 tu iliyopita. Kabla ya hapo ilikua inakaa kabatini, kifua kikibana naichukua navuta, nasubiri dakika kumi naona haina lolote, naitupa pembeni narudi kwenye ya buluu. Karibu kila mwezi namaliza kopo la buluu na najiona mjanja maana silazwi.

Sasa usiku mmoja nikabonyeza ya buluu mara nyingi hadi mikono inatetemeka na kifua kimegoma. Sentensi simalizi, naongea neno moja napumzika. Nikabebwa mzobemzobe hadi hospitali, oksijeni, vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza), siku mbili kitandani. Daktari asubuhi hakunigombeza, aliniuliza tu mwaka huu umemaliza makopo mangapi ya buluu? Nikahesabu nikafika 9 nikanyamaza. Akasema kuanzia makopo 3 kwa mwaka hatari ya shambulio kubwa inaanza kupanda, anayefikisha 12 ndo wale tunaowazika.

Afu ndo akanielewesha kitu ambacho miaka yote hakuna aliyenieleza vizuri, au walinieleza sikusikia. Njia za hewa zina uvimbe ndani, zimewaka, zinatoa makohozi. Ya buluu inalegeza tu misuli inayozibana njia, uvimbe unabaki palepale. Ya steroidi ndo inashusha uvimbe ila inafanya taratibu, siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Kwahiyo mimi kuivuta siku ya kubanwa na kutegemea inifungue ilikua kama kupanda mbegu jioni na kuingia shambani asubuhi na kikapu.

Haya karibuni. Nani iliwahi kumletea madhara, nani aliacha, nani anaogopa kuanza?

mama_pacha
Mi naogopa bado sitaki kudanganya, ila mtoto anatumia. Ana miaka 5. Nlivyosikia neno steroidi tu nikawaza wale wabeba vyuma wenye misuli ya ajabu, kumbe ni kundi lingine kabisa la dawa, na hii ya pumu inafanana na homoni ambayo mwili wenyewe unatengeneza. Na maneno ya watu ndo usiseme, atadumaa, atavimba, atazoea.

Kilichonituliza ni hesabu. Mwanangu anavuta mikrogramu 100 asubuhi na 100 jioni. Alipolazwa mara ya mwisho alipewa prednisoloni miligramu 20 kwa siku. Miligramu moja ni mikrogramu 1000. Yaani kwa uzito tu (najua nguvu za dawa hazilingani) kidonge cha siku moja ni sawa na siku 100 za kuvuta, na kidonge kinazunguka mwili mzima wakati hii sehemu kubwa ya kazi inafanya kifuani. Nikajiuliza hivi naogopa ipi?

Kuhusu urefu daktari hakunificha, alisema watoto wengine wanapungukiwa kama sentimita 1 hivi, zaidi mwaka wa kwanza, na haiendelei kupungua kila mwaka. Ila mtoto ambaye hapumui vizuri, halali, kila mara yuko kwenye vidonge, naye hakui. Tunampima kila kliniki na mi nyumbani naweka alama ukutani. Anapanda tu. Akimaliza kuvuta kwenye ile barakoa namfuta uso na anasukutua, anapenda kutema kuliko kitu chochote.

sauti_ya_chaki
Mimi madhara nimeyapata, tena ya kijinga. Nafundisha, sauti ndo jembe langu. Mwezi wa pili nikaanza kukwaruza kama jogoo mdogo, afu ulimi ukaota utando mweupe, kila nikinywa kitu cha moto nasikia kuungua. Nikajua nina ugonjwa mkubwa, nilishaanza kuandika wosia kichwani. Kumbe ni fangasi wa mdomoni! Dawa inayobaki mdomoni na kooni inawapa nafasi. Nikapewa dawa ya matone ya fangasi siku chache wakaisha.

Kosa langu nlikua navuta nameza mate naondoka. Sasa hivi ni hivi, navuta, nasukutua hadi kooni, NATEMA, afu ndo napiga mswaki. Na nikapewa spesa, ule mtungi wa plastiki unaochomekwa mbele ya pampu, sauti ikarudi ndani ya wiki chache. Ningeambiwa siku ya kwanza nisingeteseka.

mgeni_humu
Mi nimeacha mwezi wa pili huu na niko freshi kabisa. Sioni haja ya kujijaza dawa wakati siumwi

KifuaWazi
@mgeni_humu mkuu sikulaumu, ila kuwa freshi kwako inawezekana ndo kazi ya dawa ulioivuta miezi iliopita. Unatumia ya buluu mara ngapi kwa wiki?

mgeni_humu
Kama mara 3 hivi, nikikimbia au kukiwa na vumbi. Na usiku mara moja moja

nesi_zamu_ya_usiku
@mgeni_humu hapo ulipojibu ndo hauko freshi ndugu yangu. Ukihitaji ya buluu zaidi ya mara 2 kwa wiki, au pumu inakuamsha usiku, tayari haijadhibitiwa. Rudi kwa aliyekuandikia. Kupunguza dozi kupo na tunapunguza watu kila siku, lakini ni baada ya kukaa vizuri kama miezi 3 mfululizo, na inashushwa ngazi kwa ngazi huku unaangaliwa. Hasa wale wa dozi kubwa kwa muda mrefu wasithubutu kukata ghafla, kwasababu tezi zinazotengeneza homoni ya mwili zinaweza kuwa zimelala na mtu akaishiwa nguvu, kichefuchefu, presha ikashuka.

Afu niongezee niliyoyaona kliniki ya kifua maana nimefundisha watu kuvuta hadi nimechoka. Wengi wanaosema dawa haifanyi kazi dawa haijawahi kufika. Mtu anabonyeza kwanza afu ndo anakumbuka kuvuta, lote limegonga ulimi. Mwingine hatikisi kopo. Mwingine anavuta kwa nguvu kama anakunywa kwa mrija, wakati ya gesi inatakiwa utoe pumzi kwanza, ubonyeze ukianza kuvuta, uvute POLEPOLE na kwa kina, ushikilie kama sekunde 10. Ile ya unga ni kinyume chake, hiyo unaivuta haraka na kwa nguvu maana pumzi yako ndo inainua unga, na usipulizie ndani yake utalowanisha. Ukibadilishiwa pampu omba uoneshwe upya hata kama una miaka 30 ya pumu. Na fungeni kifuniko jamani, nilishatoa hereni ndani ya pampu, fikiria ingeingia wapi.

Wenye spesa, mbonyezo mmoja kwa wakati mmoja, sio miwili afu uvute yote. Mtoto anapumua taratibu mara 5 kwa kila mbonyezo. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, acha ikauke yenyewe. Ukiisugua na kitambaa plastiki inapata chaji ile ya kuvutia vumbi, dawa inagandia ukutani.

Na kopo likiisha dawa bado linapuliza gesi! Usilitikise ukadhani limo. Kama ni la mibonyezo 200 na unatumia 2 asubuhi 2 jioni, hilo ni siku 50, andika tarehe juu yake. Ile ya kuelesha kopo kwenye maji sahauni, haioneshi kitu na inaharibu valvu.

sauti_ya_chaki
Hereni!! 😂

mdau_kimya
Nimesoma kimya muda mrefu ila hili langu sijaona limeandikwa. Natumia dawa za kufubaza virusi, na kwa wakati ule mseto wangu ulikua na ritonaviri. Nikaandikiwa pampu ya flutikasoni (steroidi ya kuvuta) sehemu nyingine, na mimi sikusema natumia nini, unajua tena unyanyapaa, nikaona pumu na hilo vinahusiana wapi. Kama mwezi wa tatu wa nne uso ukawa wa mviringo, watu wananisifia nimenenepa, tumbo mbele, mikono imekonda, nikijigonga kidogo tu alama ya zambarau. Sukari ikapanda. Kupanda ngazi nashika ukuta.

Daktari wa kliniki yangu aliponiona tu akauliza unavuta nini? Ikabidi nitoe pampu kwenye begi. Akanieleza ritonaviri inazuia ini kuvunja steroidi, basi ile dozi ndogo ya kuvuta inajilimbikiza mwilini kama mtu anaekunywa vidonge. Flutikasoni na budesonidi (nayo steroidi ya kuvuta) ndo zinagombana nayo hivyo, kobisistati (nayo inawekwa kwenye baadhi ya dawa za virusi) na baadhi ya vidonge vya fangasi kama itrakonazoli navyo hivyohivyo. Akasema nisiache mwenyewe ghafla, wakapanga kwa pamoja nikahamishiwa steroidi nyingine ya kuvuta, beklometasoni, ambayo haina ugomvi mkubwa kiasi hicho. Ilichukua miezi mwili kurudi. Kwahiyo kila anaekuandikia dawa mwambie dawa ZOTE unazotumia. Ukiona aibu andika kwenye karatasi umpe.

mama_pacha
@mdau_kimya asante sana kwa kusema, pole kwa ulivyopitia 🙏

bint_wa_pili
Mi niliacha nilipojua nina mimba. Hakuna aliyeniambia niache, niliamua tu kichwani dawa yoyote ni sumu kwa mtoto. Wiki ya 22 nikashikwa kikweli, nikalazwa. Mkunga mmoja akaniambia mtoto anapata oksijeni kutoka kwako, wewe ukikosa na yeye anakosa, ulikua unamlinda na nini? Nikarudi kwenye budesonidi nikavuta hadi uchungu ulipoanza, na nikiwa nanyonyesha pia. Mtoto sa hivi anatambaa na kung'oa vitasa.

mzee_wa_dozi_kubwa
Vijana shikamoo zenu nimezipokea. Mimi navuta tangu miaka ya 80, nimeanza kabla nyie wengi hamjazaliwa, na kwa muda mrefu nlikua dozi ya juu pamoja na vidonge vya mara kwa mara. Nimefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na mifupa ilipimwa ikaonekana imepungua. Kama ni pampu, ni vidonge au ni uzee, hakuna anaeweza kunithibitishia, lakini dozi kubwa kwa miaka mingi ina mchango, sio uongo. Ndio maana kila mwaka nadai dozi iangaliwe kama inaweza kushuka, na imeshuka mara mbili. Macho yakaguliwe. Kabla ya dawa hizi nakumbuka kulala nimekaa, mto kifuani, usiku kucha nasikiliza filimbi ya kifua changu mwenyewe. Sirudi huko.

rangi_rangi
Swali, mi yangu moja tu ndo nimeambiwa niivute kila siku NA nikibanwa, sio mbili kama nyie. Ni nyekundu nyeupe. Wamenikosea?

nesi_zamu_ya_usiku
@rangi_rangi angalia jina sio rangi, rangi zinabadilika kwa kila kiwanda na kila nchi. Kama imeandikwa budesonidi na formoteroli basi inawezekana kabisa hawajakosea, formoteroli inafungua haraka na inakaa muda mrefu, na tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mtu mzima asiachwe na ya buluu peke yake. Ila usimwige jirani. Mwenye mseto wa salmeteroli asiutumie kujiokoa, ile inachelewa. Uliza umeandikiwa mwisho mara ngapi kwa siku.

Na kwa wote, dawa ya kuzuia sio ya kuokoa. Ukibanwa sana kaa wima, ya buluu kwenye spesa mbonyezo mmoja baada ya mwingine, nusu dakika hadi dakika katikati, hadi 10, huku mtu anatafuta usafiri. Ukiona ya buluu haikai masaa 4, huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, usisubiri kupambazuke.

mgeni_humu
Nimeipata ilikua nyuma ya droo. Kaunta yake ya kuhesabu mibonyezo inasema 0 😅 kumbe hata mwezi ule wa mwisho nlikua navuta gesi. Kesho naenda

KifuaWazi
@mgeni_humu 😂😂 hata mi ilishanikuta. Yangu naiweka kwenye kikombe cha mswaki siku hizi, siwezi kusahau bila kunuka mdomo. Kaunta inasoma 36, nina siku 9. Ukienda kesho waambie wakuangalie unavyovuta, afu rudi utuambie walikukuta unakosea wapi