Laptopu ya Linux inamaliza chaji ikiwa imelala, naomba msaada (Kisumu)

NyarDunga:
Wadau wa Linux hamjambo. Niko Kisumu, natunza hesabu za kikundi cha wafugaji wa samaki kule Dunga, vizimba gani vimelishwa kiasi gani, vipi vimevunwa, nani bado anadai, na hiyo kazi naifanyia hapo hapo ufuoni ambako hakuna soketi hata ya kuomba. Laptopu ni ex-UK, i5 ya kizazi cha nane, ram 8, nimeweka Linux Mint na kwa mambo mengine yote naipenda sana. Shida ni kulala. Nafunga jioni betri ikiwa karibu imejaa, asubuhi nikifungua iko nusu, siku zingine imezima kabisa. Juzi nikitoka Nakuru kwa matatu, tulipofika Kericho nikaingiza mkono kwa begi kutoa leso nikapata laptopu ina moto kama sufuria imeepuliwa sasa hivi, na nilikuwa nimeifunga vizuri. Sasa inalala aje na inachemka? Windows sitaki kurudi. Mniandikie amri zenyewe tafadhali, nitafuata.

Mwanasoketi58:
Pole sana dada. Weka TLP, ni programu ya kuokoa betri, sudo apt install tlp alafu sudo tlp start. Mimi hapa Nakuru tangu niiweke betri inakaa.

fundi_kondele:
TLP ni nzuri na mimi ninayo, lakini kazi yake kubwa ni laptopu ikiwa macho. Hii ya dada inakula chaji usingizini, kwa hivyo tuanzie kwa usingizi. Nyar Dunga, fungua terminali uandike

cat /sys/power/mem_sleep

alafu utuambie imejibu nini, iliyo ndani ya mabano ndiyo inayotumika. Kuna kulala kwa aina mbili. Deep, ambayo wengine huiita S3, inazima karibu kila kitu na kuacha ram tu ikipata umeme kidogo wa kushikilia kazi yako. S2idle haizimi prosesa, inaituliza tu, na kila kifaa kinategemewa kijitulize chenyewe, sasa kimoja kikikataa, iwe kadi ya waifai ama SSD, prosesa haifiki kwa ule utulivu wa chini kabisa na ndio unapata joto kwa begi. Watengenezaji wengi walihamia hiyo ya pili kwa sababu Windows ilitaka mashine iamke mara moja na iendelee kupokea ujumbe ikiwa imefungwa.

NyarDunga:
Imejibu s2idle peke yake, iko ndani ya mabano. Deep siioni.

fundi_kondele:
Basi BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha laptopu, ndiyo imeificha. Usiguse grub (ile inayoanzisha Linux) bado, maana kuandika mem_sleep_default=deep wakati BIOS haijatoa S3 hakusaidii kitu. ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6 kwa mfano, mwaka wa 2018 ilitolewa apdeti ya BIOS iliyoongeza chaguo la Linux. Kwa hizo unawasha ukibonyeza F1, unaingia Config, Power, Sleep State, ikiwa imewekwa Windows 10 unaweka Linux, F10 kuhifadhi. Aina zingine wanaliita jina lingine, na nyingi za siku hizi hawakuweka kabisa. Usipoliona, tafuta apdeti ya BIOS, fanya fwupdmgr refresh, alafu fwupdmgr update, lakini nakusihi dada, betri iwe imejaa NA chaja iwe imechomekwa, kwa sababu stima ikipotea katikati ya apdeti ya BIOS na betri iko chini, bodi yenyewe inaweza kufa.

njoro_kerneli:
Deep ikikosekana kabisa kuna haibaneti, inaandika kazi yote kwa diski na kuzima. Ila swapu, ile nafasi ya diski inayosaidia ram, itoshe ram, ile faili ya swapu ya giga 2 haitatosha mtu wa ram 8, na Secure Boot, ule ulinzi wa BIOS wakati wa kuwasha, ikiwa imewashwa kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa kawaida inakataa. Kuamka nako kunachukua muda. Mtu wa kufungua na kufunga kila kizimba kikivunwa singemshauri aanzie hapo.

NyarDunga:
Watu wangu!!! Sleep State ilikuwepo, nimeweka Linux na sasa mabano yako kwa deep. Jana usiku nilifunga ikiwa asilimia 91, asubuhi 89, na ni baridi kabisa. Sijui niwashukuru vipi. Imebaki moja, ikiamka tachipedi inagoma, mshale hausongi mpaka nizime niwashe.

fundi_kondele:
Safi sana, nimefurahi. Hiyo ya tachipedi inajulikana. Ikigoma tena, toa draiva yake na uirudishe, kwa kibodi: sudo modprobe -r psmouse alafu sudo modprobe psmouse. Mshale ukisonga, tengeneza faili /usr/lib/systemd/system-sleep/tachipedi uweke hii ndani:

#!/bin/sh
if test "$1" = post; then modprobe -r psmouse; modprobe psmouse; fi

Kisha sudo chmod +x kwa hiyo faili. Itajiendesha kila laptopu ikiamka.

NyarDunga:
Imekubali! Mshale unasonga. Na TLP niiweke ama niache?

Mwanasoketi58:
Weka dada, sasa itakufaa ukiwa kazini. Siku za nyumbani unaweza kuzuia chaji isipite 80 ili betri isichoke haraka, ni STOP_CHARGE_THRESH_BAT0 ndani ya /etc/tlp.conf. Siku ya kwenda Dunga chomeka chaja mapema uandike sudo tlp fullcharge, itajaza mpaka juu.