Jina la kiume la Kiingereza cha kale, lisilo la kila mtaa

baba_mtarajiwa: Wakuu, tupo Leeds, mtoto wa kiume yuko njiani. Mama yake ni Mwingereza, anataka jina la kale la kwao, ila dogo asijikute darasani na wenzake wawili wa jina hilohilo. Arthur na Archie tumeshayatupa. Yamebaki Edmund, Wilfred, Oswald na Cuthbert. Mnashaurije?

mtafiti_majina: Mkuu, yote manne yalikuwepo kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia England mwaka 1066. Baadaye William, Robert na Richard yakatawala, mengi ya kale yakapotea. Haya yaliponea kwa kuwa ni majina ya watakatifu: Edmund, mfalme wa East Anglia, aliuawa 869, Oswald, mfalme wa Northumbria, aliangukia vitani 642, Cuthbert, askofu wa Lindisfarne, alifariki 687.

Chukua Edmund. Linaandikika bila kuulizwa mara mbili, na kifupi chake cha zamani ni Ned, kwa hiyo halazimiki kuwa Eddie. Oswald lina kivuli cha Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza miaka ya 1930. Cuthbert achana nalo: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilikuwa kejeli kwa wanaume waliokwepa jeshi.

dada_takwimu: Uadimu haupimwi kwa hisia. ONS, ofisi ya taifa ya takwimu ya Uingereza, hutoa takwimu za majina ya watoto wa England na Wales kila mwaka. Usiishie kwenye orodha ya majina 100 yanayoongoza. Pakua faili kamili, lina kila jina lililopewa watoto 3 au zaidi. Kila tahajia huhesabiwa peke yake, na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge: unaona Alfred wachache, kumbe Alfie, kifupi chake, wamejaa na mlangoni mwa shule wote wanaitwa Alfie. Kwa Wilfred, jumlisha Wilfrid na Wilf. Halafu linganisha na miaka 10 ya nyuma. Jina linalopanda kila mwaka halitakuwa adimu akifika darasa la kwanza.

shemeji_wa_moshi: Wilfred adimu kwa nani? Bongo hayo ni majina ya kina babu, kama Edwin. Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania ni Edwin Mtei. Bibi atamwita Wilfredi au Edimundi, mzoee mapema.

dada_takwimu: Na usajili wa mtoto ni ndani ya siku 42 tangu azaliwe. Kagua tahajia herufi kwa herufi kabla ya kusaini. Jina la kwanza linaweza kubadilishwa mara moja ndani ya miezi 12 tangu kusajili, lakini la awali hubaki kwenye cheti.