Tajiri wangu anahama kwa sababu ya kodi. Sisi tunaobaki inatugusa?

MwanaWaMuyeye
Assalaam aleikum wana-jukwaa. Niko Muyeye, Malindi, naangalia nyumba ya Mtaliano mmoja upande wa Casuarina. Mzee ana nyumba tatu duniani, hii yetu ya vyumba sita ndiyo ndogo. Makazi yake hasa ni London, huku huja Disemba akaondoka Machi. Juzi amepiga simu kwamba Waingereza wamebadilisha sheria ya kodi, yeye anahamia Dubai, na mambo ya Malindi "atayaweka sawa" kabla ya Agosti. Swali langu ni la jumla tu. Matajiri wakihama nchi kukwepa kodi, mtu wa kawaida inamdhuru? Au ni kelele za runinga? Nauliza kwa sababu wiki ya pili sasa sipati usingizi. Matusi wekeni mfukoni.

Shombo254
Kodi ipi, ya landlord au ya serikali? Mimi nimehama mara mbili hapa Maweni kukwepa kodi na hakuna gazeti lililoniandika.

BiKidoti
Shombo, nyamaza. Mwanangu, swali la jumla halimkoseshi mtu usingizi.

Hesabu_Kali
Nijibu lililoulizwa. Uingereza walikuwa na mpango tangu 1799. Mtu anaishi Uingereza lakini anahesabiwa kwao ni kwingine, basi mapato yake ya nje hayatozwi kodi mradi asiyaingize nchini. Umefutwa Aprili 2025. Ndiyo maana mzee wako anafunga mabegi.

Wanaohama wapo kweli. Norway walipopandisha kodi ya mali mwaka 2022, matajiri kadhaa walikwenda Uswisi, akiwemo Kjell Inge Røkke wa meli. Ufaransa walipotaka asilimia 75 kwa mapato ya zaidi ya euro milioni moja, Depardieu yule mwigizaji alivuka mpaka akaingia Ubelgiji. Kodi yenyewe haikufika hata 2015. Lakini usiwahesabu kwa kelele zao. Mtafiti Cristobal Young na wenzake walichungulia rekodi za kodi za Marekani, wakakuta mamilionea wanaohama jimbo kwa mwaka ni kama 2.4 kwa kila 100, na watu wote kwa jumla ni 2.9. Yaani tajiri anahama kidogo kuliko mimi na wewe. Ana mke, ana wateja, ana watoto shuleni, jina lake linajulikana pale pale alipo.

Na cha kuchekesha, Italia yenyewe inawaita. Tangu 2017 tajiri akihamia huko analipa euro 100,000 kwa mwaka kwa mapato yake yote ya nje, basi, mwaka 2024 wakapandisha hadi 200,000, na 2026 hadi 300,000. Hata Mtaliano aliyekaa nje miaka tisa kati ya kumi anakubaliwa. Mzee wako angeweza kurudi kwao tu. Nadhani ameona Dubai kodi ni sifuri.

ChaiYaSaaKumi
Maneno mazuri, ila kwetu yanatua wapi? Tajiri akiondoka, serikali haisemi basi tupunguze matumizi. Inamgeukia asiyeweza kuondoka. Mwaka 2024, kwenye mswada wa fedha, serikali yetu walitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. MKATE. Wakautoa baada ya kelele, na vijana walipomwagika barabarani mswada wote ukaondolewa. Tajiri ana ndege, mimi nina tuktuk ya mkopo. Nikimbilie Garsen?

Kasa_Mzee
Mnanikumbusha mbali. Mimi nilikuwa weita, hoteli jina nalihifadhi. Januari 2008, baada ya fujo za uchaguzi, wageni waliondolewa kwa ndege kama mtu anayekunja mkeka. Wiki moja nahudumia meza ishirini, wiki inayofuata tuko weita tisa tunamwangalia mgeni mmoja anakula tambi, na kila mmoja wetu anataka kumwongezea maji. Akaniambia kwa Kitaliano niache kumkodolea macho. Mvuvi wangu wa kamba mawe alikuja na kikapu kimejaa akarudi nacho vile vile. Mama wa dobi akafunga. Machi 2020 ndege zikasimama, yakawa yale yale. Hao walikimbia hofu, si kodi, lakini sahani tupu haiulizi sababu. Kwa hiyo ndiyo kijana, inadhuru. London hawatamkosa mtu mmoja. Malindi nyumba moja ya vyumba sita ni mpishi, askari, mtu wa bustani, dobi, na yule wa madafu.

Halafu Kitaliano changu chote kimeishia kumfundisha mjukuu kuhesabu.

BiKidoti
Pole Kasa. Sasa turudi kwa mtoto. Hayo "atayaweka sawa" ni mambo gani?

MwanaWaMuyeye
Ni karatasi tu. Nyumba iko kwenye kampuni. Anataka hisa ziandikwe jina langu mpaka atulie huko Dubai, na atanipa laki tatu kwa usumbufu. Mimi sioni ubaya. Nimekuwa naye miaka 11. Yeye ndiye aliyenilipia karo ya fomu three na fomu foo, nikamaliza 2018. Mama alipolazwa Mombasa bili alilipa yeye, wala hakuuliza ni ngapi. Mtu wa hivyo unamkatalia vipi?

Ustadh_Barani
Wema hulipwa kwa wema, hilo halina mjadala. Lakini amana ni kitu kizito ndugu yangu. Ukishika mali ya mtu lazima ijulikane ni ya nani, na waandikwe mashahidi. Anayekwambia uishike kwa siri hakupi amana, anakupa mzigo ufiche. Na fikiria umekufa. Warithi wako watasema ni ya baba yao.

Hesabu_Kali
Ustadh amegusa penyewe. Ibara ya 65 ya Katiba, asiye raia anapata ardhi kwa lizi tu, yaani kukodishiwa, isiyozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa ya raia pale tu ambapo hisa zote ni za raia. Na hata ukizishika wewe kwa niaba yake, Katiba inamtazama anayefaidi. Anafaidi nani? Basi hiyo laki tatu ni bei ya jina lako, na jina haliuzwi mara mbili.

Halafu wacha nikuulize. Mzee akiwa London, wageni wa Aprili hadi Novemba hulipa wapi?

MwanaWaMuyeye
Hilo si la uzi huu.

BiKidoti
Hilo ndilo la uzi huu.

MwanaWaMuyeye
Sawa. Wanalipa kwenye akaunti yangu ya benki. Tangu mwaka juzi. Natoa mishahara na stima, zinazobaki namtumia. Kwa mwaka zinaingia kama milioni 1.8 hivi. Si zangu! Mshahara wangu ni 28,000 na hapo natoa nauli. Kila mtu Malindi anafanya hivi.

Shombo254
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni nenda, mwenyeji akamatwe.

Hesabu_Kali
Ngoja. Milioni 1.8 imeingia kwa jina lako na PIN yako ya kodi. KRA, watoza kodi wetu, wakiichukulia ni kodi ya nyumba ya makazi, ni asilimia 7.5, yaani 135,000. Lakini mgeni wa usiku tatu na kifungua kinywa si mpangaji, hiyo ni biashara. Na kama huna risiti za hayo matumizi, piga ngazi za kawaida za kodi ya mapato: 28,800 kwa ile 288,000 ya kwanza, 25,000 kwa laki moja inayofuata, halafu asilimia 30 kwa 1,412,000 iliyobaki, 423,600. Toa nafuu ya 28,800. Inabaki 448,600. Kwa mwaka mmoja, kabla ya faini, na riba ya asilimia moja kila mwezi.

Uliuliza tajiri akihama inamgusa nani. Yeye amehama. Kodi yake imebaki Muyeye.

MpigaKasia
Samahanini, nyote mmelishwa hadithi. Miaka 11 kazini, lakini fomu foo amemaliza 2018? Aliajiriwa akiwa darasa la nane? Mtaliano wa London wa Dubai mwenye roho ya malaika? Na mbona kila akiulizwa linatoka jipya, kama tamthilia ya saa mbili usiku? Kuna mtu anafanya mazoezi ya uandishi hapa. Nendeni mkalale.

ChaiYaSaaKumi
Hata mimi nilishtuka kwa hiyo miaka. Na mimi nimeandika kwa hasira kweli kweli.

MwanaWaMuyeye
Mjomba wangu ndiye alikuwa mtu wa bustani. Nilianza kwenda Jumamosi kuchota majani kwenye bwawa, nikipewa 200, hiyo ni 2014. Unataka nini tena? Maji ya kisima yana chumvi, hita ya maji naibadilisha kila mwaka wa pili. Makuti ya banda yalishonwa upya na wazee kutoka Mambrui, na bado kona ya kusi inavuja. Mto Sabaki ukishuka na matope mwezi wa tano bahari inakuwa rangi ya chai, wageni wanadai warudishiwe pesa, na anayedaiwa ni mimi. Kima wameiba simu ya mpishi. Nitunge hayo kwa faida gani?

Kasa_Mzee
Huyu ni wa kweli. Mtunzi hawezi kujua habari ya hita.

MpigaKasia
Habari ya hita anaijua kila mtu wa pwani mzee wangu.

Kasa_Mzee
Wewe wa wapi?

MpigaKasia
Hilo si la uzi huu.

Hesabu_Kali
Wa kweli au wa kubuni, tarehe haibuniwi. Mwisho wa kuwasilisha ritani ya kodi ni Juni 30. MwanaWaMuyeye, mwaka jana uliandika nini?

MwanaWaMuyeye
Nil.

Shombo254
😂😂😂

MwanaWaMuyeye
Kijana wa saiba aliniuliza nina mapato nikasema sina, akanitoza 200 akamaliza. Kwa sababu si pesa zangu! Hilo mbona hamtaki kulielewa?

BiKidoti
Tumelielewa mwanangu. Usipandishe sauti. Una karatasi yoyote, hata ujumbe wa simu, mzee akisema hizo pesa ni zake?

MwanaWaMuyeye
Huwa anapiga tu. Haandiki.

BiKidoti
Haandiki miaka yote hiyo?

Ustadh_Barani
La hawla.

Hesabu_Kali
Toa taarifa ya benki ya miezi yote. Kila ulichomtumia kinaonekana pale, hicho ndicho karatasi yako. Ipeleke kwa wakili wako mwenyewe, si yule wa mzee. Ritani ya nil unaweza kuomba kuirekebisha kabla hawajaja wao. Na hisa usitie sahihi.

MwanaWaMuyeye
Ya hisa nilishatia. Ijumaa. Zile laki tatu nusu nimeshamlipia mjomba deni la shamba.

Anapiga sasa hivi. Nipokee?

BiKidoti
Usipokee.

Shombo254
Pokea. Na urekodi.

Kasa_Mzee
Mwambie aandike.