Aliyetoka chuo juzi aanze na shilingi ngapi?

Mwenye Duka, Amani: Leo nimemsaili kijana wa uhasibu, faili lake la vyeti jipya linanukia. Nikamuuliza mshahara, akajibu bila kupepesa: "Kuanzia laki tisa." Nikampa daftari la mauzo ya jana alifunge, nusu saa anatafuta kikokotoo kwenye simu. Mei Mosi ya 2022 Dk. Mwinyi, Rais wetu wa Zanzibar, katangaza kima cha chini serikalini kutoka 300,000 hadi 347,000, watu wakapiga vigelegele. Hawa nani kawadanganya? Muuza urojo, ule mchuzi mzito wa bajia, hapo nje hana digrii na halalamiki.

Binti Wete: Kima cha chini ni cha tarishi, ami. Mhasibu anaingiaje hapo? Na akianza tu, Bodi ya Mikopo inamsubiri mlangoni, inadai mkopo wa chuo.

Mtoto wa Mama: "Halalamiki" umemuuliza? Mama yangu kauza urojo miaka kumi na tisa, saa kumi alfajiri anakuna nazi ya chatne. Kalalamika kila siku, wanunuzi ndo hamsikii. Hiyo digrii yangu imetoka kwenye sufuria lile.

Mwenye Duka, Amani: Sikumtukana mamako. Nimesema kazi ni kazi.

Kijana wa Tunguu: Kazi ni kazi, na kujitolea je? Miye miezi kumi na moja ofisi moja mjini, nagonga mihuri, nauli ya daladala natoa mwenyewe. Mwisho wananiambia "umepata uzoefu". Uzoefu wa mhuri!

Pwani Mchangani: Njooni hotelini. Mshahara mdogo, lakini bakshishi ya wiki moja msimu wa Agosti inamshinda mwalimu.

Binti Wete: Na msimu wa masika mnakula nini?

Pwani Mchangani: Urojo 😂

Mzee wa Vuga: Urojo gani, huo wa Forodhani? Ule uji wa manjano wa kuuzia wageni, hauna hata ukali wa embe.

Mtoto wa Mama: Mzee, shikamoo, lakini hapo umekosea. Wa mama una embe mbichi na ndimu, na hauko Forodhani.

Mzee wa Vuga: Marahaba. Uko wapi basi?

Kijana wa Tunguu: Jamani, yule mhasibu kapewa jibu gani?

Mwenye Duka, Amani: Nimemwambia nitampigia.

Binti Wete: Humpigii.

Mzee wa Vuga: Bajia zake za dengu au za kunde?