Mita ya oksijeni ya bwawani: sensa ya mwanga au ya utando?

Sato_Arusha: Wakuu, natafuta mita ya mkononi kwa mabwawa manne ya sato. Kuna ya sensa ya mwanga na ya utando, galvani (inayojitengenezea umeme wake yenyewe), ambayo bei yake ni nafuu. Nichukue ipi?

Fundi_Vipimo_Moshi: Ya mwanga. Ya utando inakula oksijeni ileile inayoipima, kwa hiyo ukiituliza majini namba inashuka wakati bwawa liko vilevile. Lazima uitikise muda wote. Ya mwanga haili kitu: taa ya buluu inaamsha rangi iliyopakwa kwenye kofia ya ncha ya sensa, rangi inang'aa nyekundu, oksijeni inauzima mng'ao huo. Oksijeni ikiwa nyingi, mng'ao unazimika upesi. Mita inasoma kasi hiyo.

Maabara_Njiro: Mkuu, usisahau kofia. Hudumu mwaka mmoja au miwili, na bei yake si ya utando. Spiriti na asetoni marufuku, zinaharibu rangi. Mswaki laini na sabuni kidogo vinatosha, kisha iweke kivulini kwenye kifuniko chenye sponji mbichi. Ukiiacha bwawani siku kadhaa mwani unaiotea, na mwani unatoa oksijeni yake mchana: utasoma maji ya kijani ya kwenye kofia, si ya bwawa.
Ya utando nayo ina yake. Kipovu kikibaki chini ya utando, namba zinacheza. Fungua, mwaga elektrolaiti (kimiminika cha ndani), jaza upya, funga polepole.

Sato_Arusha: Kwenye kalibresheni, yaani kuisawazisha mita, inaniuliza shinikizo la hewa. Simu inasema hektopaskali 1016, niweke hiyo?

Fundi_Vipimo_Moshi: Hapana! Hapo ndipo wengi wanapoumia, na kosa hili halichagui sensa. Namba ya simu imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400, shinikizo halisi ni kama hektopaskali 855. Maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa yana miligramu 9.1 kwa lita kule pwani. Arusha ni kama 7.6, Moshi kama 8.2. Ukiweka 1016, kila kipimo kinazidi kwa karibu asilimia 19. Alfajiri mita inakwambia 3.5, kumbe hata 3 haifiki, na sato wameshapanda juu kuhema.

Maabara_Njiro: Sifuri nayo ihakiki: gramu 2 za sodiamu salfaiti, inayomaliza oksijeni, kwenye mililita 100 za maji, subiri dakika kumi. Isiposhuka karibu na 0, kofia au utando umekwisha. Suuza vizuri baadaye.

Parachichi_Usa: Samahani kuingilia, hiyo ya mwanga inafaa kwenye chumba cha kuhifadhia matunda?

Fundi_Vipimo_Moshi: Kanuni ni ileile, maana inapima shinikizo la oksijeni peke yake, iwe hewani au majini. Ila nunua ya gesi, kofia isipigwe na umande. Galvani yenye elektrolaiti ya alkali inachoshwa na kaboni dioksidi, na chumba chako kimejaa hiyo.

Sato_Arusha: Basi ya mwanga. Kofia ya akiba niagize sasa hivi?

Maabara_Njiro: Usiagize. Inachakaa hata kabatini; angalia tarehe kwenye pakiti.