Tarumbeta na illimba hazikubaliani kwenye B flati: tuongeze vali ya nne?

MpulizajiDom: Wakuu, habari. Tuna tarumbeta mbili za B flati na tromboni, tunapiga nyimbo za Kigogo pamoja na illimba (ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba). C yetu na yao ziko sawa kabisa. Tukifika B flati, tyuna ya simu inatuonyesha tuko juu ya ulimi wao kwa senti 30 hivi (senti 100 ni nusu toni). Fundi mmoja anataka kutuchomelea vali ya nne. Tumpe?

ZezeLaChamwino: Msimpe! Sauti za Kigogo zinafuata milio ya asili, yaani ile ambayo bomba au uzi mmoja huitoa wenyewe, ikihesabiwa kutoka chini: kuanzia wa 6 hadi wa 9 au wa 10. Mlio wa 7 uko senti 31 chini ya B flati ya piano. Illimba haijakosea, na asiguse mtu ndimi zake.

ShabaTupu: Naunga mkono. Vali ya nne kama ya mpiga tarumbeta Ibrahim Maalouf ni ya robo toni, senti 50, kwa maqam (ngazi za sauti) za Kiarabu. Hapa mtapitiliza kwa senti 19. Halafu moto wa lehemu karibu na nyumba ya vali unaipinda, pistoni inaanza kukwama.

Fanyeni hivi. Bomba lina kama sm 148, vali 1 inaongeza sm 18, jumla 166. Kushuka senti 31 kunataka urefu zaidi kwa 1.8%, yaani sm 3. Slaidi (kipande cha bomba kinachovutwa) ina miguu miwili, kwa hiyo vuta slaidi ya vali 1 sm 1.5 tu. Weka alama kwa kalamu.

E ya juu, isiyo na vali, ni mlio wa 5, tayari iko senti 14 chini kama illimba inavyotaka. Midomo iliyozoea kwaya huipandisha, nyie iacheni chini ilivyo.

MpulizajiDom: Asante mkuu. Ila D sasa imelala vibaya.

ShabaTupu: Lazima ilale. D ya vali 1 huwa chini senti 14 hata kabla ya kuvuta, sasa ni 45. Msihangaike kurudisha slaidi: pigeni D kwa vali 1 na 3. Mchanganyiko huo kwa kawaida uko juu kwa sababu bomba linakuwa fupi kwa kama sm 3.5 kuliko linavyotakiwa, na zile sm 3 mlizovuta zinaufidia karibu wote.

ZezeLaChamwino: Tromboni ndiyo raha. Nafasi ya kwanza, bila kusogeza mkono: F, A flati, B flati, C, D (kwenye tarumbeta zenu zinaitwa G, B flati, C, D, E), zote za asili. Kazi ni ya midomo, maana ni juu.

MpulizajiDom: Slaidi ya tarumbeta ya pili imeganda.

ShabaTupu: Vumbi na grisi ya zamani. Dondosha mafuta ya taa kwenye maungio, iache hivyo usiku kucha. Asubuhi pitisha kitambaa kwenye pindo, bonyeza vali 1 hewa ipite, vuta sawa pande zote mbili. Koleo marufuku.