Jaji Archbald: Seneti ilimwonea au alistahili kuvuliwa ujaji?

Mwanzisha mada: Wakuu, mwaka 1911 Rais Taft alimpandisha Robert W. Archbald wa Pennsylvania kuwa jaji wa rufaa, akapangwa Mahakama ya Biashara iliyoamua mashauri ya nauli za reli. Tarehe 13 Januari 1913 Seneti ya Marekani ikamvua ujaji. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa kosa lolote la jinai. Kama sababu za kumwondoa, Katiba yao inataja uhaini, rushwa na makosa mengine makubwa. Kununua makaa ya mawe, alikoshtakiwa nako, kumeingiaje humo? Nasema alionewa.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, tazama alikuwa ananunua kwa nani. Lundo la Katydid alilolitaka lilikuwa mabaki ya makaa, yaliyotupwa zamani kama uchafu, baadaye yakapata soko kwa kuchekechwa upya. Kampuni ya Hillside ilikuwa na haki humo, na Hillside ni mali ya reli ya Erie. Erie hiyohiyo ina kesi mbele ya mahakama yake! Jaji akawafuata wakubwa wa kampuni ili yeye na mshirika wake wauziwe. Nani angethubutu kumkatalia? Bahasha haihitajiki pale cheo kinapofanya kazi ya bahasha.

Tena kuna kifungu cha 4 cha mashtaka yake, ambacho kwangu ndicho kibaya zaidi. Kesi ya reli ya Louisville & Nashville ikiwa bado haijaamuliwa, aliandikiana barua na wakili wa reli kuhusu ushahidi, upande wa pili haujui lolote.

Mchangiaji wa 3: Na Katiba inasema majaji hukaa madarakani maadamu wana mwenendo mwema. Si lazima kwanza wafungwe jela. Halafu Seneti haikumkomoa: kati ya vifungu 13 ilimtia hatiani kwa 5 tu. Vile vya enzi zake akiwa jaji wa wilaya vilianguka, maseneta kadhaa wakisema cheo hicho alishakiacha.

Mwanzisha mada: Sawa, kwenye barua zile sina utetezi. Lakini kumfungia asishike tena wadhifa wowote wa shirikisho kulipita kwa kura 39 dhidi ya 35. Theluthi mbili iko wapi?

Mchangiaji wa 2: Theluthi mbili ni ya kumtia hatiani, na kifungu cha 1 kilipata 68 dhidi ya 5. Kwa adhabu ya kufungiwa Katiba haikutaja kiwango, Seneti ikatumia wingi wa kawaida.

Mwanzisha mada: Kumfungia mtu maisha kwa kura 4 za ziada, hilo bado nalipinga.